Marafiki Zangu Wote Wamo Ndani: Je, Nilipie Mchezo wa Ada ya Kila Mwezi?

Mpendwa Mshauri,

Nina marafiki watatu tuliosoma pamoja, na kwa kuwa siku hizi kila mmoja wetu anaishi mbali na wenzake, kinachotuunganisha ni simu ya kikundi ya Ijumaa usiku. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa wenzangu hao wamekuwa wakicheza Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, wakati simu hiyo ikiendelea, nami nabaki msikilizaji. Nasikia kibodi zikigongwa, nasikia mmoja wao akihesabu "tatu, mbili, moja", kisha zinafuata kelele, kisha kimya, kisha mtu anasema "turudie". Wakishinda wanashangilia mno, nami sijui hata huyo waliyemwangusha ni nani.

Nilipochoka kusikiliza nilijisajili katika toleo la majaribio lisilolipiwa, na sasa mhusika wangu, ambaye ni mganga, amefika ngazi ya 47. Mchezo naupenda, ingawa siwezi kusema umeniteka. Tatizo ni kwamba wenzangu wananihimiza ninunue mchezo kamili na kuanza kulipa ada ya kila mwezi, ili niweze kuingia katika chama chao, jambo ambalo akaunti ya majaribio hairuhusiwi kulifanya.

Nasita kwa sababu kadhaa. Michezo yote niliyowahi kununua bado ninayo, na nikiikumbuka baada ya mwaka naifungua na kuendelea. Huu utadai pesa hata mwezi ambao sikuugusa. Kazi yangu ni ya zamu, kwa hiyo ziko wiki ambazo nina jioni nne huru na ziko wiki ambazo sina hata moja. Rafiki mmoja amenipigia hesabu kwamba ukigawa ada kwa saa ninazoweza kucheza, hakuna burudani iliyo rahisi kuliko hii. Rafiki mwingine, nje ya hao watatu, anasema afadhali nianze World of Warcraft, ambayo anaifahamu na ambayo haina hadithi ndefu ya kupitia. Mwingine tena anasema Guild Wars 2 haina ada ya mwezi kabisa. Mwenzangu wa nyumbani, ambaye hana neno na michezo, aliniuliza swali moja tu: "Utalipa mpaka lini?" Nilikosa jibu.

Naomba unisaidie kuamua. Pia nieleze kama mtu anayeanza leo mchezo wa zaidi ya miaka kumi hajachelewa mno.

Ni mimi,
Msikilizaji wa Ijumaa


Ndugu Msikilizaji,

Usilipe bado. Kile unachokitaka hasa, yaani kucheza na wenzako hao watatu, kwa sehemu kubwa unaweza kukipata ndani ya akaunti uliyo nayo sasa; na kile ambacho wao wanadhani utakipata ukilipa, yaani kukaa nao katika pambano la Ijumaa, hutakipata kwa muda mrefu hata ukilipa leo jioni. Nikukumbushe kwamba toleo la majaribio la mchezo huo ni pana kuliko wengi wanavyolichukulia. Linabeba mchezo wa msingi uliozinduliwa upya mwaka 2013 pamoja na nyongeza mbili za kwanza, yaani sehemu za hadithi zilizotolewa baadaye, Heavensward na Stormblood, linakufikisha ngazi ya 70, na halina kikomo cha siku. Ni kweli kwamba huwezi kujiunga na chama, huwezi kutumia soko ambalo wachezaji huuziana mali zao, na mfuko wako hauvuki gil 300,000, yaani fedha za ndani ya mchezo. Hata hivyo, mwenye akaunti ya majaribio anaweza kualikwa katika kikundi kilichoundwa na mchezaji anayelipa. Rafiki yako akikuita, unaingia. Na mkishuka katika shimo la ngazi ya chini, yaani pango la mapambano ambalo kikundi hulipitia pamoja, mchezo wenyewe unawashusha wakubwa hao mpaka ngazi ya shimo hilo, ili wasikubebe kama mzigo huku wewe ukitazama. Hakikisha tu kwamba mhusika wako na wahusika wao wako katika kituo kimoja cha data, yaani kundi moja la seva, kwa maana walio katika vituo tofauti kwa wakati huo hawawezi kukutana.

Nashangaa kidogo kwamba katika mwaka mzima hakuna hata mmoja wao aliyekudokeza hili. Sidhani ni ubaya. Aliyezama katika mchezo wa namna hii huona kilele alichopo kuwa ndio mchezo wenyewe, na yote yaliyo chini yake huyaona kuwa njia ya kupitia tu. Ni jambo la kuwaomba waziwazi: Ijumaa moja moja waache pambano lao na washuke kwako. Wakikubali, umepata ulichokuwa unakitafuta bila kulipa chochote. Wakikataa kila mara, basi hata uanachama wa chama chao usingebadilisha mengi, kwa sababu ungekuwa na nembo ya chama juu ya kichwa chako na bado ungekuwa peke yako.

Pambano la Ijumaa ni suala jingine. Katika mchezo huo hadithi kuu haiwezi kurukwa kwa kutembea tu. Kila eneo jipya hufunguliwa na sura iliyotangulia, na baada ya ngazi ya 70 kuna Shadowbringers inayokufikisha 80, Endwalker inayokufikisha 90, na Dawntrail ya mwaka 2024 inayokufikisha 100. Kutoka ulipo hadi huko ni mamia ya saa. Kampuni huuza bidhaa ya kuruka hadithi na nyingine ya kupandisha ngazi, na bila shaka mmoja wao atakutajia. Mimi nakushauri usiiguse. Hadithi ndiyo sababu kubwa ya watu kuusifu mchezo huu, na mganga aliyerushwa mpaka kileleni hukuta mbele yake mistari miwili mitatu mizima ya vitufe asivyojua hata kimoja kinaponya nini, huku watu saba wakimsubiri.

Hao saba wana uzito kuliko ada. Mapambano makubwa ya mchezo huo huchezwa na watu wanane, na kikundi kilichojipanga kukutana siku maalumu hakiwezi kuanza akipungua mmoja, labda kimtafute mgeni dakika za mwisho. Kwa mtu wa zamu, deni la kweli ni kuhudhuria. Ukiwa na wiki tatu za jioni huru kisha wiki mbili za usiku kazini, utakuwa ama unaomba radhi kila mara, ama unabadilishana zamu kwa ajili ya mchezo, na siku utakayoanza kubadilishana zamu kwa ajili ya mchezo ndiyo siku ambayo gharama yake haionekani tena kwenye risiti.

Sasa niingie katika hesabu ya rafiki yako, ambayo husemwa na wengi na ambayo naona ina kasoro tangu mwanzo. Kugawa ada kwa saa kunafanya kila saa unayoitoa ionekane faida, hata ile uliyoitumia kukusanya ngozi ishirini za mnyama yuleyule kwa sababu zawadi ya siku inaisha usiku wa manane. Kwa kipimo hicho, mchezo unaopoteza muda wako zaidi ndio unaoshinda. Mtu mwenye saa nyingi tupu pengine anaweza kukitumia. Wewe saa ndizo unazopungukiwa, kwa hiyo ziweke upande wa gharama pamoja na pesa, kisha ujiulize ni jioni ngapi katika mwezi uliopita ambazo uliufungua mchezo kwa hamu na si kwa mazoea. Umesema unaupenda ila haujakuteka. Neno hilo ningelipa uzito kuliko hesabu yoyote.

Ada ya mwezi ina tabia ya kodi ya chumba: hulipwa ulale humo usilale. Ndiyo maana humfaa zaidi mtu mwenye ratiba ya kawaida, na humfaa mtu wa zamu endapo tu ataitumia kwa vipindi. Wala si ujanja wa kuwakwepa watengenezaji. Naoki Yoshida, anayeongoza utengenezaji wa Final Fantasy XIV, amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba mchezaji asiyeona cha kufanya aache kulipa, acheze michezo mingine, kisha arudi masasisho makubwa yanapotoka. Ni nadra kwa mfanyabiashara kusema hivyo, na anayesema hivyo anastahili kuchukuliwa neno lake. Kitu kimoja tu katika mchezo huo hakiendani na ushauri wake, nacho ni nyumba: mchezaji aliyefanikiwa kununua nyumba katika mitaa ya mchezo hupokonywa asipoingia ndani yake kwa siku 45, na wako watu wanaolipa ada mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya kufungua mlango huo na kuufunga. Ukifika huko, nunua chumba katika nyumba ya chama na uwaachie wengine mitaa.

Umesema michezo yako ya zamani bado unayo. Hapa wasiwasi wako ni wa haki, na sitaki kuupunguza. Katika mchezo wa usajili hununui kitu. Unanunua ruhusa ya kuingia, na mhusika wako anakaa kwenye seva ya mtu mwingine. City of Heroes ilifungwa Novemba 2012 na wahusika wote wakaenda nayo. WildStar ilizinduliwa Juni 2014 kwa ada ya lazima, ikaiacha ada hiyo Septemba 2015, na Novemba 2018 ikazimwa. Mingine ilinusurika kwa kubadilika: Star Wars: The Old Republic ilianza Desemba 2011 kwa usajili na kufikia Novemba 2012 ikawa na njia ya kucheza bure, na The Elder Scrolls Online iliyotoka Aprili 2014 iliondoa ada ya lazima Machi 2015. Kwa hiyo mtu akikuletea mchezo mpya kabisa unaodai ada ya mwezi, subiri mwaka mmoja. Aidha utakuwa umeshuka bei, aidha hautakuwepo. Huo wa rafiki zako uko upande mwingine. Ulizinduliwa mara ya kwanza mwaka 2010 ukiwa mbovu kiasi cha kuzimwa mwishoni mwa 2012 na kujengwa upya, na tangu hapo umesimama imara. Sioni sababu ya kuhofia kwamba utafungwa kesho, lakini usijidanganye kwamba unaumiliki.

Bei zenyewe hazitabiriki kwa namna moja. Ultima Online ilipotoka mwaka 1997 ilidai dola 9.95 kwa mwezi. World of Warcraft ilikuja mwaka 2004 na dola 14.99, na kwa wateja wa Marekani ada hiyo ya msingi ikabaki hapo kwa miongo miwili. EVE Online, kwa upande wake, ilipanda mwaka 2022 kutoka dola 14.99 hadi 19.99 kwa mkupuo.

Nije kwenye mapendekezo ya rafiki zako wengine. World of Warcraft ni mchezo mzuri, na ni kweli kwamba mgeni hufika kwenye ngazi za juu haraka kuliko katika huo wenu. Unaweza kuujaribu bila malipo mpaka ngazi ya 20, na ukilipa ada unapata nyongeza zote za nyuma isipokuwa ile ya karibuni. Anayekupendekezea anaweza kuongeza kwamba ada yenyewe hulipika kwa dhahabu ya ndani ya mchezo kupitia tokeni, na hiyo pia ni kweli tangu 2015, ila kila tokeni unayoinunua kwa dhahabu kuna mtu mwingine aliyeilipia kwa pesa halisi, na dhahabu ya kutosha kila mwezi hupatikana kwa kazi inayofanana mno na ile uliyoikimbia ulipotoka zamu. Hata hivyo, kwa nini uende huko? Wote watatu wako Final Fantasy XIV. Kuhamia mchezo ambao hawamo, eti kwa sababu unapandika haraka, ni kulipia upweke.

Guild Wars 2 ningeitazama kwa heshima zaidi. Haijawahi kuwa na ada ya mwezi tangu ilipotoka Agosti 2012, mchezo wake wa msingi ni bure tangu 2015, na vifaa bora unavyovipata havipitwi na wakati kila nyongeza inapotoka, jambo linalomfaa sana mtu anayepotea wiki tatu na kurudi. Kama ungekuwa unatafuta mchezo wa kuucheza peke yako kwa vipande vya muda, ningekuambia uende huko leo. Waulize wenzako watatu kama wangekubali kuwa nawe huko mara mojamoja. Nina shaka watakubali, lakini kuuliza si kosa.

Kuhusu kuchelewa, ondoa hofu. Katika michezo ya usajili ya aina hii, kila nyongeza kubwa hufanya vifaa vya jana kuwa vya kawaida, na aliyecheza miaka kumi hujikuta akianza kukusanya upya pamoja na aliyefika mwaka jana. Alichokuzidi ni ujuzi wa vidole na kumbukumbu.

Itakapofika siku ya kulipa, nayo ningependa iwe ile utakayofika ngazi ya 70 na hadithi ikakukatikia mahali unapotaka kujua kinachofuata, kuna mitego ya kuiangalia. Mkubwa kuliko yote ni huu: akaunti ikishageuzwa kuwa kamili hairudi tena kuwa ya majaribio. Siku zako za kulipia zikiisha, mlango wote unafungwa, hata ule wa maeneo ambayo leo unayatembelea bure. Kwa maneno mengine, ukinunua mapema unauza kitu unachokipata bila malipo. Pili, toleo la kuanzia, lile la bei nafuu, lina yaleyale yaliyo katika majaribio yako, kwa hiyo peke yake litakuondolea vizuizi lakini halitakuongezea hadithi hata sura moja. Kwa kuendelea zaidi ya ngazi ya 70 unahitaji pia nyongeza ya karibuni, ambayo hubeba ndani yake zile zilizotangulia. Tatu, ukinunua kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni, nyongeza zako zote za baadaye za kompyuta lazima zinunuliwe Steam pia, na ukinunua katika duka la kampuni yenyewe huwezi kuchanganya, chagua ukijua. Mchezo mpya huja na siku 30 za kucheza ndani yake, na baada ya hapo ada ya daraja la chini inakutosha kabisa, kwa kuwa tofauti yake kubwa na ile ya juu ni idadi ya wahusika unaoweza kuwa nao. Siku hiyohiyo utakapowasha usajili, ingia kwenye ukurasa wa akaunti na uzime kujihuisha kwake. Siku ulizokwisha kulipia zitabaki zako.

Chagua mwezi kwa kutazama ratiba ya zamu kabla ya kutazama tangazo la punguzo. Ukiona mwezi wenye jioni nyingi, huo ndio wa kulipia. Hilo pia ndilo jibu la kumpelekea mwenzako wa nyumbani, na nadhani lilikuwa swali zuri kuliko yote katika barua yako: mwambie utalipa mpaka tarehe fulani, uitaje, na ukifika hapo mtaongea upya. Mtu anayejua tarehe hapati shida sana kuvumilia kibodi inayogongwa usiku. Mtu aliyeambiwa "tutaona" ana haki ya kununa.

Kwa sasa, Ijumaa ijayo usiwaulize kama ununue. Waambie una mganga wa ngazi ya 47 na kwamba unataka kuingia shimo liitwalo Aurum Vale. Wataguna, kwa sababu kila aliyepita pale anakikumbuka chumba cha kwanza, chenye wanyama waliotawanyika kila upande ambao mtu asiyetazama anapokanyaga huwaamsha wote kwa pamoja. Shimo hilo huchezwa na watu wanne, nanyi mko wanne kamili, kwa hiyo hakuna foleni ya kusubiri wageni. Mmoja wao atangulie kama mlinzi, wawili wapige, nawe uponye.